Mifuko Mitatu ya Udongo

Nestory Kashindye hakuwahi kumwamini muuza tairi asiyemuuliza mteja anapita wapi. Kwake yeye, kumuuzia mtu tairi bila kujua udongo wa njia yake ni sawa na kumshonea mtu suruali kwa kusikia sauti yake kwenye simu. Huenda ikamwingia, lakini asije akainama.

Ndiyo maana Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa pili, siku ambazo mawingu hutoka ziwani kila alfajiri yakapita juu ya Buhongwa bila kudondosha kitu, mzee huyu wa miaka sitini na saba alifika kwenye kibanda cha fundi Owiti akikokota baiskeli yake ya gia, na mifuko mitatu ya udongo imening'inia kwenye usukani.

"Bwana mifugo, unajenga?" Owiti aliuliza bila kuinuka kwenye kigoda chake.

"Nataka taili."

"Na huo udongo?"

"Wa kupimia. Nipe na beseni."

Owiti aliitazama mifuko, akamtazama mwenye mifuko, akanong'ona kitu kwa Kijaluo, kisha akampa beseni. Miaka ishirini na miwili ya kufahamiana ilikuwa imemfundisha kwamba kubishana na Msukuma huyu asubuhi ni kujitafutia maumivu ya kichwa ya kutwa nzima. Isitoshe, walikuwa wameshazoea kutaniana. Owiti, mtu wa Rorya, hakuwahi kuipata "sh" maishani mwake. Kwake shida ni sida na shamba ni samba. Kashindye naye "r" ilimpita kushoto tangu shule ya msingi. Kwa hiyo kila mmoja aliamini kwa moyo wote kwamba mwenzake ndiye asiyejua Kiswahili.

Lakini safari hii haikuwa ya utani. Matairi aliyokuja kuchagua ndiyo yangeamua kama ataendelea kupanda baiskeli au ndiyo basi tena.

Habari yenyewe ilianza masika ya mwaka uliotangulia. Kashindye aliteleza kwenye mteremko mmoja ng'ambo ya Usagara, akaangukia bega, mtulinga ukavunjika. Wiki sita alikaa mkono umefungwa shingoni, akimegewa ugali na kuvishwa shati na Queen, binti yake wa pekee, ambaye kila alfajiri huwahi zamu kwenye kiwanda cha samaki na jioni hurudi miguu imemvimba. Queen hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza mzee kuliko bega. Siku kitambaa kilipofunguliwa, binti alikaa mbele yake akasema polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi:

"Baba, sikukatazi. Ila ukianguka tena, hata mara moja, hata kama hukuumia, unanipa ufunguo wa baiskeli, na mazungumzo yanaishia hapo."

Kashindye alikubali. Mtu aliyetoka kuogeshwa na mwanawe ana ubavu gani wa kukataa? Na akishatoa neno, ametoa. Kwenye ukoo wao hakukuwa na ng'ombe wengi wa kujivunia, basi walijivunia neno.

Ili uelewe baiskeli ile ilikuwa nini kwake, lazima ujue kwamba miaka thelathini na sita alikuwa msaidizi wa mifugo vijijini, na miaka yote hiyo aliifanya kazi juu ya magurudumu mawili. Aliogesha ng'ombe, alihasi mafahali, alizalisha mitamba iliyokwama, na wafugaji wakamwita Daktari ingawa cheti chake hakikusema hivyo. Alipostaafu, wenzake walirudi makwao kulima na kulalamika. Yeye alibaki na jambo moja ambalo hakuna ofisi iliyomtuma: kila baada ya miezi mitatu alizungukia vitongoji saba, akiwatia kuku wa watu chanjo ya mdondo, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri na ambao ukiingia kijijini Jumatatu, Ijumaa hakuna jogoo wa kuwika. Tone moja jichoni, basi. Lakini tone lenyewe lazima lifike likiwa na ubaridi, na lazima lifike alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa.

Watu walimshauri apande bodaboda. Alijaribu mara moja. Aliona taabu, mtu mzima kukumbatia kiuno cha kijana asiyemjua, kupita nyumba za watu mbio bila hata kuuliza wameamkaje, na mwisho kijana mwenyewe akasimama ukingoni mwa bonde akasema pikipiki yake haiingii kwenye tope. Tangu siku hiyo, ukimtajia bodaboda alikuwa anabadilisha mazungumzo.

Na tope hilo yeye alilijua kwa majina. Baba yake alilima pamba, na kwa mkulima wa pamba wa Kisukuma hakuna kitu kinachoitwa udongo tu. Juu, kwenye miinuko yenye mawe, kuna luseni, mchanga unaokunywa maji mara moja na hauna ugomvi na mtu. Katikati ya mteremko kuna itogolo, ardhi ya kijivu, ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha inaweka utelezi juu huku chini bado ni ngumu vilevile. Huyo ni mnafiki, na ndiye aliyemvunja mtulinga. Na bondeni kuna mbuga, udongo mweusi, mwenyeji asiyetaka mgeni aondoke. Ukikanyaga anashika kiatu. Ukipitisha baiskeli anashika yote.

Mfuko wa kwanza ulikuwa luseni, wa pili itogolo, wa tatu mbuga. Alikuwa ameuchota kila mmoja mahali pake, juma zima, bila kumwambia mtu.

Alimimina ule mweusi kwenye beseni, akatia maji, akaukanda kwa mikono miwili mpaka ukawa wenyewe hasa. Owiti aliteremsha tairi la kwanza ukutani, nene, jipya, lenye kashata, yale meno ya tairi, zilizosongamana kama punje kwenye gunzi la hindi. "Hili ndilo wanalotaka vijana wote," alisema. "Linapendeza."

Kashindye alilizungusha ndani ya tope, akalitoa, akaligonga mara mbili kwenye jiwe. Tope halikuanguka. Lilikuwa limejaa kati ya kashata na kashata, tairi limekuwa duara jeusi lisilo na jino hata moja.

"Hili lina huluma mno," alisema. "Linakumbatia kila linachokutana nacho. Kwenye madigadi hapa litaziba, guludumu halizunguki tena."

La pili lilikuwa karibu laini kabisa. Hata halikufika kwenye beseni. Alilipapasa kwa kidole gumba akalirudisha ukutani kwa adabu.

La tatu Owiti alilitoa nyuma ya kibanda, chini ya rundo la mipira ya ndani. Lilikuwa jembamba, limetoka kwenye baiskeli ya mtumba pamoja na mwenzake, na kashata zake zilikuwa ndefu, chache, zimeachana kama nyumba za kijijini. Kashindye alilizungusha kwenye tope, akaligonga mara moja tu. Tope likadondoka lote, pu, kwenye miguu ya fundi.

"Linatema!" mzee alipiga kelele, na wateja wawili wakageuka. "Umeona? Jembamba linakata mpaka chini kwenye ugumu, na likipanda linatema. Hili ndilo taili, Owiti. Mengine ni mapambo."

Akalijaribu kwenye itogolo, aliyoipaka kwenye bao na kuilowesha. Akalijaribu kwenye luseni, kwa kutimiza wajibu tu. Alipomaliza, mbele ya kibanda cha Owiti palikuwa kama zizi baada ya mvua, na mzee mwenyewe alikuwa na tope mpaka viwikoni, uso umemng'aa.

"Usijaze upepo sana," aliagiza wakati fundi akiyafunga. "Nataka yapapase njia."

Owiti alipampu kidogo, akasita. "Na lami? Mtaani kwenu si wametia lami mwezi wa kumi na mbili? Kasata kama hizi kwenye lami iliyolowa zinalala. Ni kama mtu anatembea kwa kucha."

"Lami si udongo," Kashindye alijibu. "Lami mtu anapita hata akiwa amesinzia."

"Sauri yako," alisema Owiti, akaendelea kupampu.

Njiani kurudi nyumbani, mzee alimkumbuka Evelina. Alimkumbuka mpaka akashuka kwenye baiskeli akajifanya anakagua cheni. Baiskeli hii marehemu mkewe ndiye aliyeichagua, mwaka ule wa kustaafu, akisema mwanamume aliyeendesha chuma kizito miaka yote anastahili gia kabla ya kufa. Kumbe aliyetangulia akawa yeye. Presha ilimchukua saa tisa mchana, Kashindye akiwa vijijini pasipo na mtandao, na simu ikampata Queen kiwandani, mbele ya meza ya kukatia minofu.

Zamani, walipokuwa hawajapata mtoto, Evelina alikuwa akimsindikiza. Alikaa kwenye keria, amepakata chupa ya chai iliyojaa barafu na chanjo, akiimba nyimbo za kwaya na kukosoa uendeshaji. Wakifika ukingoni mwa mbuga alishuka, akavua ndala, akajifunga khanga vizuri. Yeye alishika usukani, mke akashika keria, wakaibeba baiskeli kwa pamoja kuvuka bonde zima, wakizama mpaka magotini na kucheka kama wendawazimu. Baadaye, alipobaki nyumbani na mtoto, alikuwa akimpokea mlangoni kwa swali moja lile lile: "Leo nani kampanda mwenzie?" Na mumewe, akimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, matope matupu, alikiri kwamba leo baiskeli ndiyo iliyompanda yeye. Siku hizi hakuna anayeuliza. Njia zenyewe zinapungua. Kila mwaka kipande kingine kinawekwa kifusi, kingine lami, na majina ya udongo yanabaki kwa wazee.

Queen alipoyaona yale matairi jioni ile, alicheka kwanza. Kisha akakumbuka.

"Shikamoo, baba. Hayo meno yote ni ya nini?"

"Malahaba. Ni ya kukutii wewe."

"Mimi sitakuwepo njiani kukuona ukianguka," alisema. "Lakini tope litaniambia. Miguuni sawa. Ila ukirudi na tope begani au kiunoni, sitauliza mara mbili."

Mvua ilishuka juma la pili la mwezi wa tatu, na ilipoamua kushuka haikuomba radhi. Ilinyesha Jumanne kutwa na usiku kucha. Jumatano ilikuwa zamu ya kitongoji cha Mwakalundi, ng'ambo ya bonde baya kuliko yote, na kabla jogoo wa pili Kashindye alikuwa ameshafunga chupa yake kwenye keria, amevaa koti la mvua na raba zake za kazi. Queen alikuwa akijiandaa kwenda zamu. Alimrekebisha kola tu, kama mama anavyomrekebisha mtoto anayekwenda shule.

Luseni alipita akiimba. Itogolo aliifikia kukianza kupambazuka, mteremko ule ule, na mwili wake ukaukumbuka kabla yeye hajaukumbuka, mikono ilikakamaa. Aliilegeza kwa nguvu. "Mnafiki we," aliuambia udongo, "mwaka huu nimekuja na watu wangu." Kashata zikauma, moja baada ya nyingine, tairi la nyuma likayumba kidogo likajirudi. Akafika chini akiwa mzima, jasho limemtoka ndani ya koti.

Ukingoni mwa mbuga alimkuta kijana wa bodaboda amekunja suruali, anaitazama pikipiki yake iliyozama mpaka injini.

"Mzee, hapapitiki!"

"Kwa hiyo pikipiki yako, ni kweli," alijibu Kashindye, akaingia.

Gia ndogo kabisa. Macho mbele, si chini. Tairi lilizama kidogo, likapata ugumu, likatema. Likazama, likapata, likatema. Mabonge ya tope yaliruka nyuma yakimpiga mgongoni kama watoto wanaorusha mawe kwenye mwembe, naye akawa anacheka peke yake kwenye mvua, mzee wa miaka sitini na saba. Bonde lile alikuwa hajawahi kulivuka amekaa kwenye kiti. Siku zote alilivuka akiwa amebeba. Alipotoka ng'ambo na magurudumu yakagusa majani, aligeuka kwa furaha kumwambia mtu aliyekuwa nyuma yake.

Hakukuwa na mtu. Alikuwa ameshafungua mdomo kumwita Evelina. Alisimama pale muda, mvua ikimpiga, akalia kidogo bila kujificha, kwa kuwa nani angeona. Kisha akapanda tena, maana kuku hawangoji.

"Mwangaluka, Daktari!" Mama Mihayo alimpokea kwenye kibaraza chake, matenga ya kuku yamepangwa ukutani. Yeye ndiye aliyekusanya kuku wa majirani kila zamu. "Tulidhani kwa mvua hii umetuacha. Hatujasahau ulivyovunjika mwaka jana."

"Mwangaluka, mayu. Nilivunjika, nikaungwa."

Akawatia chanjo kuku mia moja na arobaini, tone kwa tone, huku wanawake wakimshikia na kumweleza nani kafa, nani kaolewa, ng'ombe wa nani kazaa pacha. Alikula viazi, akanywa uji. Akaagwa kama anavyoagwa mtu anayetarajiwa kurudi.

Kurudi ilikuwa vilevile: mbuga ikamwachia, itogolo ikamheshimu, luseni ikamsalimu. Alipofika kwenye barabara kuu, akapita pembeni mpaka kona ya mtaani kwao, alijua ameshinda. Nyumba ilikuwa karibu. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu, lami mpya inang'aa nyeusi, safi, hakuna mtu nje. Alilegeza mabega. Akaanza kuimba wimbo wa kwaya wa Evelina, ule wa sauti ya tatu, ambao peke yake hauna maana yoyote.

Mbele ya shule kuna mistari myeupe ya watoto kuvukia. Alishika breki kidogo tu, kwa heshima ya watoto ambao hata hawakuwepo. Kashata ndefu zikalala. Baiskeli ikaondoka chini yake kimyakimya, na kabla hajamaliza ubeti alikuwa ameketi barabarani, nyonga inawaka moto, anatazamana na mbuzi aliyejibanza kwenye baraza la duka lililofungwa.

Hakuna mwingine aliyemwona. Alijishika kiuno, akajishika bega. Mfupa mzima. Akaangalia koti begani na kiunoni: safi. Lami haikumwachia hata doa.

Nyumbani Queen alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. Hakusalimia. Alimshika baba yake mabega akamgeuza, akamkagua mgongo uliotapakaa vidonge vya tope lililorushwa na tairi, akamkagua ubavuni, begani, kiunoni. Miguuni tope tupu. Begani na kiunoni hakuna kitu. Basi akamkumbatia na tope lake.

"Baba, umeniweza," alisema. "Kutwa nzima simu ikilia tu mikono inaganda. Nimekubali. Baiskeli ni yako. Sitakusumbua tena."

Alikuwa amepika sato wa nazi na ugali moto. Kashindye alinawa, akakaa kwa upande mmoja, akautazama ule ugali. Alimtazama na binti yake, aliyekuwa akicheka peke yake huku akipakua, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Mbuzi hawezi kusema.

Akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, karibu na bakuli.

"Nimeanguka."

Queen alisimama na mwiko hewani. "Wapi? Mbuga?"

"Hapana. Hapo nje, kwenye ile mistali ya shule."

"Kwenye lami?"

"Kwenye lami."

"Nani kakuona?"

"Mbuzi."

Binti alianza kucheka, kicheko kikamgeukia, akakaa chini. "Sasa si ungenyamaza tu, baba? Mimi nisingejua kamwe."

"Wewe usingejua," Kashindye alisema. "Ila kila siku ungekuwa unanipokea hivi, kwa fulaha, na mimi ningejua ni ya uongo."

Queen alinyoosha mkono akauchukua ufunguo, kwa sababu hata yeye ni wa ukoo ule ule, akautia kwenye pochi yake. Wakala, na samaki hakuwa na ladha.

Siku kumi na moja baiskeli ilisimama sebuleni. Mzee aliisafisha mpaka spoku moja moja, akakosa cha kusafisha. Alitembea kwa miguu mpaka kwa Owiti akakaa kwenye benchi. Owiti, aliyeshasikia habari yote kutoka kwa Queen mwenyewe, alivumilia karibu saa nzima. Kisha akasema, "Nilikuuliza lami." Kashindye akasema, "Uliniuliza." Hawakulirudia tena.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa mapumziko ya Queen. Mvua ilikuwa imenyesha tena. Asubuhi na mapema simu ya baba yake ililia juu ya kabati, naye mzee alikuwa uani. Queen aliitazama ikilia. Mikono ilimganda, kama kawaida. Akapokea.

"Daktari yuko wapi?" ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake kuku wanapiga kelele. "Mimi Mama Mihayo. Nipo kwa dada yangu huku, leo ndiyo zamu yao. Tumezuia kuku ndani tangu alfajiri. Kina mama wamejaa uani. Au anaumwa?"

"Haumwi," Queen alisema.

"Basi mwambie tunamngoja. Tutamngoja hata mpaka jua lipande."

Queen alikaa na simu mkononi. Miaka mitano alikuwa ameiogopa simu inayomtafuta kumwambia habari za mzazi wake. Hii ya leo ilikuwa inamtafuta mzazi wake mwenyewe, ikimtaka aje. Aliinuka akaenda uani.

"Baba. Kwenye itogolo, hukuteleza hata kidogo?"

"Liliyumba, likaludi."

"Na mbuga?"

"Nimeivuka nimekaa," mzee alisema, na kwa namna alivyosema, Queen alimwona jinsi alivyokuwa kabla ya yeye kuzaliwa.

"Kumbe nilikuwa nakukataza kitu unachokijua." Alifungua pochi. "Basi sheria ni nyingine. Kwenye lami unashuka. Iwe kavu, iwe imelowa. Unakokota mpaka iishe."

"Queen, mtaa mzima utanicheka."

"Wakucheke ukiwa mzima. Haya, nenda, wanakungoja."

Siku hizi ukiwahi kuamka pale Buhongwa masika utamwona. Barabara nyororo kuliko zote mtaani, bodaboda zinapita kama mishale, wanafunzi wanashindana na baiskeli zao, na pembeni mzee mmoja wa koti la mvua anaikokota baiskeli ya gia yenye meno marefu, chupa ya chai imefungwa kwenye keria, anasalimia kila nyumba. Asiyemjua humhurumia. Juzi kijana mmoja alisimamisha pikipiki kabisa.

"Shikamoo, mzee. Pancha?"

"Malahaba. Hapana, nzima."

"Sasa mbona hupandi, na barabara nzuri hivi?"

"Nangoja iishe."